Kisa cha skuta ya boksi pale Miomboni: watu walicheka umbo, ila walichokuwa wanatafuta ni keria

Wakuu kamwene. Nimeona niandike hii stori yote kwa pamoja maana kila mtu hapa Iringa anaisimulia kivyake, na wengi wanaishia kwenye kicheko tu. Ni ile skuta ya umeme ya Honda, Motocompacto, ile nyeupe iliyonyooka pembe zote kama imekatwa na rula. Imeletwa na kijana mmoja mwenye duka la kutengeneza simu na laptop pale Miomboni, dada yake anaishi Marekani na alikuwa anatuma vitu vyake kwenye kontena akaichomeka humo katikati ya magodoro. Mi niko jirani yake, kazi yangu ni stika na mabango, asilimia kubwa ya wateja wangu ni bodaboda na bajaji, kwa hiyo hizi kelele zote zilipigwa mbele ya meza yangu na nilikuwa na sababu ya kuzisikiliza.

Kwa ambao hawajaiona, ikikunjwa ni boksi. Urefu sentimita 74, kimo kama 53 na nusu, unene sentimita 9 na kitu, juu ina mshikio wa kubebea. Usukani unaingia ndani, siti inaingia ndani, tairi la nyuma nalo linajikunja linarudi tumboni. Ukiikunjua inakaa kama kipikipiki cha mtu mmoja, siti iko chini sana, sentimita 62 hivi kutoka ardhini, mtu mrefu magoti yanapanda juu. Ina kilo 18.7. Spidi ya mwisho kilomita 24 kwa saa, chaji moja inaenda kilomita 19, inabeba mpaka kilo 120. Kuichaji saa tatu na nusu, lakini hapo Honda wanaongelea soketi ya Marekani ya volti 110 na sisi TANESCO inatuletea 230, kwa hiyo jamaa ilibidi anunue transfoma ya kushusha umeme kabla hata hajaiwasha, na hiyo transfoma yenyewe ni nzito balaa, imekaa chini ya meza ya dukani.

Sasa umbo lile halijatoka hewani. Mwaka 1981 Honda walitoa kigari kidogo kinaitwa City kule Japani, wakatoa pamoja na kipikipiki cha mafuta kinaitwa Motocompo, injini ya cc 49, unakunja usukani na siti unakitupia kwenye buti la hiyo City. Wazo ni upaki gari mbali halafu umalizie na kipikipiki. Watu walikipenda sana kukitazama. Kununua sasa. Honda walitegemea kuuza elfu 10 kwa mwezi, hawakuwahi kufika hata elfu 3 kwa mwezi, na mpaka wanaacha kukitengeneza mwaka 1983 vilikuwa vimeuzwa elfu 53 na ushee basi. Baadaye ndo wakusanyaji wa vitu vya zamani wakaanza kukigombania. Septemba 2023 Honda wa Marekani wakalirudisha wazo kwa umeme, dola 995. Nakaa kwenye hili kidogo kwa sababu watu wanadhani kucheka ni ushamba wa Iringa, kumbe hiki kitu toka babu yake kinapigiwa makofi na watu ambao hawatoi hela.

Haya, siku yenyewe. Jamaa kaitoa nje ikiwa imekunjwa, kaiweka kwenye baraza, kaenda kuchukua chaja. Ndani ya dakika chache kijiwe chote cha boda kimehamia pale. Mmoja anauliza hii ni spika? Mwingine ni friji ya soda, mwingine kasema ni begi la mhudumu wa hospitali, mara mama wa duka la vitenge anauliza ni cherehani ya kisasa eti maana kuna cherehani zinakuja kwenye sanduku la mkono. Jamaa karudi, hajasema kitu, kabonyeza, kavuta, kanyanyua siti, kasimamisha usukani, tairi limeshuka. Pakawa na sauti moja ya "eeeh!" Ile ya kweli kabisa, watu wazima wanashangaa. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kulipia bango la msiba akasema, "Mnyalu, hao watu wana akili, hiyo hata mwizi anapita anaiacha." Na hapo ndo pointi ya kwanza ya kushika, maana kila mtu aliipita hiyo ya mzee wakaendelea kucheka.

Baada ya mshangao yakaanza maswali na mi nilianza kuyaandika nyuma ya karatasi ya stika, sio kwa ajili ya hii stori, ila nilitaka kujua watu wanaangalia nini kwenye chombo kipya. Swali la kwanza kabisa halikuwa spidi, halikuwa bei. Lilikuwa, "Abiria anakaa wapi?" La pili, "Keria iko wapi?" Halafu ndo zikaja za mlima, za mvua, za betri ikifa, ina kadi, ina pleti namba, tairi lake linapatikana duka gani. Bei ilikuja mwisho karibu na watu kuondoka.

Ukitulia na huo mpangilio unaona kila kitu. Chombo cha magurudumu mawili hapa kwetu kinapimwa kwa sehemu ya nyuma. Mbele ni pa dereva, hapo hakuna mtu ana habari napo. Nyuma ndo kuna maisha: gunia la viazi, tenga la nyanya kutoka Ilula, dumu mbili za ulanzi zimefungwa kwa mpira, mbao, mabati yamekunjwa, mama na mtoto, mgonjwa. Boda wetu wengi wako kwenye mkataba, yaani pikipiki ya mtu analipa kila wiki mpaka iwe yake, au anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwonyesha boksi lililokatwa nyuma, hakuna pa kufunga hata mfuko wa unga, ye haoni umbo la ajabu, anaona chombo ambacho hakiwezi kujilipa. Kucheka kwake ni hesabu. Na ukichukua zile kilo 120, weka dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 70, umeshavuka kabla hata abiria hajabeba kitu, na siti yenyewe ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo kwa boda kesi ilifungwa pale pale, na walikuwa sahihi kabisa, sioni sababu ya mtu kuwaita washamba.

Ila kwenye mlima hawakuwa sahihi sana, walau sio kwa sababu waliyoitoa. Walikuwa wanabishana kwamba kale kadude hakawezi kutoka Ipogolo kuja mjini, ule mlima unajulikana, basi zinalia, bajaji zinapanda kwa kuombewa, na sasa stendi kubwa ikiwa kule chini Igumbilo kila mgeni anaingia Iringa kwa kupanda. Boda mmoja akasema kitazima kabla ya kona ya kwanza. Tukapiga hesabu na mwenye skuta kwenye kikokotoo cha simu. Mtu wa kilo 70 na skuta yake ni kama kilo 89. Sehemu inayopanda mita 6 kwa kila mita 100, uzito unakurudisha nyuma kwa nguvu ya nyutoni kama 52, ongeza msuguano wa vile vitairi vidogo weka 13, jumla 65. Mota yake kwa kazi ya kuendelea ni wati 250, ikijikamua kwa muda mfupi inafika 490. Wati 250 gawa kwa 65 unapata mita 3.8 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 14 kwa saa. Pakikaza zaidi, mita 10 kwa mita 100, unashuka kwenye 9. Kwa hiyo inapanda. Polepole, lori linakupumulia mgongoni, mota inapata joto na chaji inakimbia kuliko zile kilomita 19 za kwenye karatasi, ila inapanda. Na hapo ni mtu wa kilo 70, baba mwenye kitambi chake apige upya hesabu.

Tatizo la kweli la milima yetu liko sehemu ambayo hakuna aliyeitaja mpaka fundi pikipiki wa upande wa pili alipokuja akainama akaangalia. Mota iko kwenye tairi la mbele. Linalovuta ni la mbele. Sasa ukipanda mlima uzito wote wa mtu unalala nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi, kwenye lami sawa linashika, lakini ingia barabara ya vumbi ya kwenda ndani Mwangata au Kitwiru, changarawe zinazunguka chini yake, tairi linazunguka bure na we umekaa hapo hapo. Wakati wa masika ndo usiseme, ule udongo mwekundu ukilowa hata Boxer zinatembea kwa miguu. Fundi alisema sentensi moja tu, "Hii imetengenezwa kwa ajili ya sakafu," akaondoka zake akaendelea na kazi. Yaani hiyo ndo ripoti ya kitaalamu kabisa, na ukisoma Honda wenyewe wanavyoinadi, wanasema ya maeneo ya mjini na vyuoni, kumalizia kipande cha mwisho cha safari. Hawajawahi kuahidi Kitwiru.

Watu wengine walirukia kusema basi umeme hauwezi milima, tubaki na mafuta. Hapana. Kigali ni milima mitupu na kuna kampuni kama Ampersand inaendesha boda za umeme kule toka 2019, betri ikiisha dereva hasubiri kuchaji, anabadilisha anapewa iliyojaa anaondoka. Ila ziangalie zile pikipiki: zina siti ndefu, tairi kubwa, keria nyuma, mota inasukuma nyuma. Zimebaki na umbo la bodaboda. Waliokuja na umeme kwa kufuata umbo ambalo dereva tayari analiamini wamepata kazi, na hakuna aliyewacheka.

Sasa turudi kwa waliokipenda, maana walikuwepo na sio wachache, ila sauti zao zilikuwa ndogo pale barazani kwa sababu boda wanajua kupiga kelele. Kundi la kwanza wanachuo. Wapo dada wawili walikuwa wanasubiri laptop, wanakaa hosteli upande wa Kihesa, wao hawakucheka kabisa, walichouliza ni kama inaingia chini ya kitanda. Inaingia, ile sentimita 9 ukiilaza inapita chini ya kitanda cha hosteli bila shida. Mmoja akasema kaka yake alinunuliwa baiskeli akaifunga na mnyororo nje, asubuhi akakuta mnyororo. Ile pointi ya mzee wa bango la msiba si ndo hii? Chombo ambacho unalala nacho chumbani. Kwa mtu anayepanga chumba kimoja, nyumba ya wapangaji sita, uani kunaingia kila mtu, hilo ni jambo kubwa kuliko spidi. Wajapani walikunja ili iingie kwenye buti la gari, wanachuo wetu wanataka ikunjwe ili isiibiwe, sababu hazifanani ila boksi ni lile lile.

Kundi la pili walikuwa akina mama wa maduka. Wa vitenge alitaka kuijaribu na akaijaribu, na gauni lake, kapanda kakaa vizuri miguu mbele, kazunguka hadi kwenye duka la dawa na kurudi, mtaa mzima unashangilia. Aliposhuka akasema kitu ambacho nadhani hakuna mbunifu angekipata akiwa ofisini, kwamba kwenye pikipiki ya kawaida lazima upandishe mguu juu ya tenki, kwa hiyo mama aliyevaa gauni au khanga anaishia kuwa abiria wa upande maisha yake yote, lakini hii siti iko chini unakaa kama kwenye kigoda. Boda mmoja akamtania, "Mama, sisi tutakula wapi sasa?" Mama akamjibu we endelea kubeba viazi mwanangu. Utani ule, lakini yule kijana nilimwona anafikiria.

Bei ndo ilimaliza mkutano. Dola 995, na kipindi inatoka dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,500, ni milioni mbili na nusu kabla ya kontena, kabla ya ushuru, kabla ya ile transfoma. Ukiongezea kidogo kwenye hiyo hela unaanza kuongea na Boxer mpya. Mtu akisikia hivyo anakuangalia usoni kuona kama una akili timamu. Wanachuo wakanyamaza, mama wa vitenge akasema ikiwa nusu ya hiyo aambiwe.

Sasa mi upande wangu. Zile pande mbili za boksi ni bapa, nyeupe, safi, hakuna kona hakuna mchirizi. Honda wenyewe wameuza hilo, kwamba mtu anaweza kuipamba anavyotaka. Nyie mnajua pikipiki zetu, sehemu ya kuweka maandishi ni kipande kidogo kwenye kava la mbele, madigadi, na kioo cha bajaji kwa nyuma, tunabananisha herufi mpaka hazisomeki. Kumbe hapa kuna ubao mzima. Nikamwambia jamaa nipe upande mmoja nikuwekee bure, nikamkatia jina la duka lake kwa herufi kubwa za bluu na mchoro wa simu yenye kioo kilichopasuka. Akaanza kupita nayo kupeleka simu za wateja pale pale katikati ya mji, Miomboni, Mshindo, kuzunguka sokoni, sehemu zenye lami na ambazo si mbali.

Na hapa ndo nilipoona jambo ambalo limenifanya niandike yote haya. Kicheko kilikwisha. Skuta ni ile ile, boksi ni lile lile, pembe zile zile, ila sasa watu wakiiona wanasema fundi simu anapita. Wale wale waliosema friji ya soda hawasemi tena. Kilichobadilika ni kwamba sasa chombo kina kazi inayoonekana, mtu akikitazama anajua kinafanya nini mjini. Mwanzo kilikuja kitupu, cheupe, hakibebi abiria hakibebi mzigo, kwa hiyo jicho la mtu wa hapa likakosa pa kukiweka likakirusha kwenye vyombo vya jikoni. Mi nadhani wanaotuletea vyombo vya umeme huku Nyanda za Juu wakisikia watu wanacheka wanakimbilia kubadilisha rangi na taa, wakati swali lililoulizwa kwa sauti kabisa mbele ya watu wote lilikuwa abiria na keria.

Kwenye keria jamaa alijaribu, msidhani hakusikia. Alikuwa anataka sehemu ya kufunga kiboksi cha vifaa vyake nyuma, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi kaigonga gonga na kidole, kaleta sumaku haikushika, akasema kaka hii ni aluminiamu, mashine yangu ni ya kuchomelea chuma, nikiigusa naitoboa. Ni kweli fremu yake na rimu ni aluminiamu, ni sababu mojawapo ya kuwa na kilo 18 na sio 45 kama ile Motocompo ya zamani. Boda waliokuwepo wakatoa ushauri wa kila aina, itobolewe ipigwe bolti, ifungwe na mpira wa tyubu, mmoja akapendekeza itengenezwe keria ya nondo inayovaa juu kama koti. Jamaa alikataa zote, akasema akishaweka nondo haikunjiki tena, na isipokunjika italala nje. Siku hizi anabeba vifaa kwenye begi la mgongoni.

Dada yake alimuuliza kama atume nyingine za kuuza. Amemwambia asitume, badala yake anaulizia Dar bei ya skuta za umeme zenye keria na tairi kubwa, hata kama hazikunjiki, na mama wa vitenge ameshasema yumo kama siti itakuwa chini. Hii nyeupe anabaki nayo. Upande wa kulia bado uko wazi, ameniambia nisiweke kitu maana kuna mwenye duka la dawa anataka kuulipia tangazo kwa mwezi, na wanavutana kwenye bei.